Habari za Vipangaji vya Maandishi ya Programu, na Jinsi Vinavyoitwa kutoka Ndani ya Skripti

Makusudi ya makala haya ni kueleza historia ya chombo kimoja kidogo ambacho wengi wetu tunaoitumia kompyuta katika uchunguzi wa lugha twakitumia bila kujua asili yake. Mtu anayetengeneza kamusi au anayehariri tenzi siku hizi aghalabu huwa na skripti zake, yaani programu fupi fupi alizoziandika mwenyewe ili zimfanyie kazi ya kuchosha: kuhesabu vidahizo, kulinganisha nakala mbili, kutenga viambishi. Maandishi ya programu hizo yana sura yake katika ukurasa, na ziko programu nyingine ambazo kazi yao ni kuitengeneza sura hiyo: kusogeza mistari ndani inapostahili, kukata mstari uliozidi urefu, kuweka nafasi pande mbili za alama. Programu ya namna hiyo nitaiita kipangaji. Neno kipanga lingekuwa fupi zaidi, walakini huyo ni ndege aibaye vifaranga. Na mpangaji ni mtu aliyekodi chumba katika nyumba ya mwenziwe. Huyu wa mwisho, hata hivyo, hayuko mbali sana na habari yetu, kama msomaji atakavyoona.

Imezoeleka kudhani kwamba kipangaji kilianza kuwa amri ya mtu aliyekaa mbele ya mashine, na kwamba ni baadaye sana ndipo programu nyingine zilipopata uwezo wa kukiita zenyewe. Mambo hayakwenda hivyo. Kipangaji cha kwanza chenye sifa kilizaliwa ndani ya lugha yake na kiliitwa kutoka humo humo. Kisha kikatolewa nje, kikawa mtumishi wa kusimama mlangoni kwa muda wa miaka mingi. Na katika miaka hii ya karibuni kimerudishwa ndani. Safari hiyo ya kutoka na kurudi yafaa kuchunguzwa, kwa sababu kila mahali kipangaji kilipokaa palikuwa na jibu lake kwa swali moja ambalo sisi wa fani ya hati na nakala twalijua sana: ni nani mwenye amri juu ya sura ya maandishi, na ni kitu gani kinachoweza kupotea sura hiyo inapobadilishwa?

Hatuna budi kwanza kutenga maana ya maandishi na sura yake. Katika hati nyingi za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ubeti wa utenzi wenye vipande vinne huandikwa katika mstari mmoja, na vipande hutengwa kwa alama ndogo. Mhariri wa leo akiupiga chapa ubeti ule ule huuweka katika mistari minne. Mizani haikuzidi wala haikupungua, vina ni vile vile, na mtu akiuimba hapana awezaye kujua umetoka katika ukurasa wa namna gani. Katika lugha nyingi za programu mambo ni hivyo hivyo. Mashine husoma mabano, nukta na majina; kama mstari umesogezwa ndani kwa nafasi nne au kwa nafasi mbili, au haukusogezwa kabisa, kwake ni mamoja. Anayejali ni mtu atakayeusoma kesho. Iko lugha moja mashuhuri isiyofuata kanuni hii, nayo ni Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ambayo ndani yake kusogeza mstari ni sehemu ya sarufi. Humo kipangaji hutembea kwa hadhari, maana nafasi moja iliyozidi mwanzo wa mstari yaweza kuwa kosa la sarufi, au kuuhamisha mstari kutoka kifungu kimoja kwenda kingine.

Lugha za kwanza hazikuwa na haja ya kipangaji, kwa kuwa sura yake ilikuwa imeamuliwa na karatasi. Fortran, iliyotolewa na IBM mwaka 1957, iliandikwa katika kadi za matundu zenye safu 80. Safu 1 mpaka 5 zilikuwa za namba ya kifungu, safu ya 6 ilionyesha kwamba kadi ni mwendelezo wa ile iliyotangulia, safu 7 mpaka 72 zilikuwa za maneno yenyewe, na zilizobaki hazikusomwa na mashine. Mwandishi hakuwa na uhuru mwingi, na asiye na uhuru hana la kubishania. Ripoti ya Algol ya mwaka 1960 ndiyo iliyoufungua mlango kwa upana: mstari haukuwa tena na maana, na mwandishi aliweza kuanza popote. Tangu hapo kila mtu akawa na mwandiko wake, na ugomvi wa mwandiko ukaanza.

Hata hivyo haikuwa Algol iliyozaa kipangaji cha kwanza mashuhuri, bali Lisp, lugha iliyobuniwa na John McCarthy katika chuo cha MIT kuanzia mwaka 1958. Lisp ni lugha ya mabano. Jambo lolote huandikwa kama orodha ndani ya mabano, na ndani ya orodha huwamo orodha nyingine, hata mwisho wa kifungu mtu aweza kukuta mabano saba au manane yamefungwa pamoja. Ikiandikwa mfululizo bila mpango haisomeki. Katika miaka ya 1966 na 1967, Bill Gosper wa MIT aliandika kipangaji cha Lisp kwa ajili ya mashine ya PDP-6, kikaitwa GRINDEF. Sehemu ya kwanza ya jina hilo ni kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kusaga, na wenyeji wa maabara ile wakawa wakisema kwamba wanasaga maandishi wakimaanisha kuyapanga vizuri. Msemo huo ulienea mbali, na kwa wapenda semantiki ni mfano wa kupendeza, maana kwetu kitu kilichosagwa ndicho kisicho na umbo tena.

Jambo la kuangalia ni mahali GRINDEF ilipokaa. Katika Lisp, programu ni orodha, na orodha ni kitu ambacho programu yoyote ya Lisp yaweza kukishika, kukigawa na kukichapa. Kwa hiyo kipangaji hakikuhitaji kusoma faili. Kilipewa jina la kazi iliyokwisha kuwamo katika kumbukumbu ya mashine, nacho kikaichapa kwa mpango. Kilikuwa kazi ya Lisp kama kazi nyingine. Aliyetaka kukiita kwa mkono alikiita, na aliyetaka kukiita kutoka ndani ya programu yake alikiita kwa njia ile ile, bila daraja wala mkalimani wa pili. Hapa ndipo ninaposema kwamba kipangaji kilizaliwa ndani.

Lakini ukaaji huo wa ndani ulikuwa na hasara, na hasara yenyewe itawagusa wahariri. Lisp ilipokuwa ikisoma maandishi na kuyageuza kuwa orodha, ilitupa maelezo, yaani yale maneno ambayo mwandishi huyaweka pembeni kwa ajili ya msomaji binadamu na ambayo mashine haiyatekelezi. Yaliyochapwa kutoka katika kumbukumbu yalikuwa safi na yenye mpango, lakini bila maelezo hata moja. Ni kana kwamba mnukuzi angenakili utenzi kwa mwandiko mzuri kuliko wa asili, akaacha kila neno lililoandikwa ukingoni mwa ukurasa. Watengenezaji wa Interlisp waliliona tatizo hili, wakayafanya maelezo yenyewe kuwa orodha iliyoanza kwa alama ya nyota, hata yakaweza kukaa katika kumbukumbu pamoja na programu.

Nje ya Lisp njia ilikuwa nyingine kabisa. Mwaka 1970 Kenneth Conrow na Ronald Smith walitangaza katika jarida la Communications of the ACM kipangaji cha lugha ya PL/I kilichoitwa NEATER2. Hiki kilikuwa programu iliyojitenga: ilipokea maandishi upande mmoja, ikatoa maandishi upande wa pili. Mtindo huo ndio ulioshika nguvu katika mfumo wa Unix, ambao tangu mwaka 1973 ulikuwa na mfereji wa kuunganisha programu, yaani njia ya kuyafanya yatokayo katika programu moja yaingie katika nyingine kama maji. Programu ya indent ya lugha ya C, ambayo asili yake ni Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1976, ilienezwa na toleo la Unix la Berkeley la mwaka 1983. Kwa mtindo huu, skripti ikitaka kukiita kipangaji huiambia Unix ianzishe programu nyingine pembeni, huipelekea maandishi, kisha hungoja. Kipangaji ni mtu wa nje aliyeitwa kwa kazi ya siku moja. Hamjui aliyemwita, wala aliyemwita hajui afanyavyo kazi yake.

Uzuri wa mtindo huo ni kwamba skripti iliyoandikwa kwa lugha yoyote yaweza kukiita kipangaji cha lugha yoyote nyingine. Ubaya wake niliujua kwa gharama yangu mwenyewe. Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ng'ambo, nilikuwa na programu ya kuchambua viambishi vya vitenzi vya Kiswahili, niliyoiandika kwa lugha ya C katika mafaili kumi na moja. Siku moja, kabla ya kumwonyesha msimamizi wangu, nikaona aibu kwa mwandiko wake, nikaandika skripti ya mistari mitatu ya kuiita indent juu ya kila faili na kuyaelekeza matokeo yarudi katika faili lile lile. Sikujua kwamba Unix ikiona alama ya kuelekeza matokeo katika faili hulifungua kwanza faili hilo na kuyafuta yaliyomo, kisha ndipo huianzisha programu iliyoitwa. Indent ilipofika ilikuta faili tupu, ikalipanga faili tupu, ikarudisha faili tupu, na kwa kadiri ya hesabu zake hakuna kosa lililotendeka. Skripti ikaendelea na faili la pili, mpaka la kumi na moja. Nilichokuwa nacho baada ya hapo ni nakala niliyokuwa nimeichapa katika karatasi majuma matano kabla, nikakaa siku nne kuipiga upya herufi kwa herufi, na ya majuma matano nikayakumbuka kadiri nilivyoweza. Lililoniuma zaidi ni kusoma baadaye kwamba indent ya mradi wa GNU, ambayo ndiyo niliyokuwa nikiitumia, ukiiachia faili ilibadilishe yenyewe huweka kwanza nakala ya asili kando, na kwa jina huongeza alama ya wimbi mwishoni. Ni ujanja wangu wa kuielekeza ndio ulioiondolea nafasi ya kuniokoa.

Wakati huo huo maarifa ya kukata mistari yalikuwa yakikua peke yake. Mwaka 1980 Derek Oppen wa Stanford alitangaza njia ya kupanga maandishi isiyotegemea lugha fulani: muda wa kazi yake hulingana na urefu wa maandishi, na kumbukumbu inayohitajiwa hulingana na upana wa mstari tu. Vipangaji vingi vya leo ni wajukuu wa kazi hiyo, au wa ile ya Philip Wadler iliyoifuata, ambayo ndiyo msingi wa kipangaji cha JavaScript kiitwacho Prettier kilichotolewa na James Long mwaka 2017. Sitazama zaidi katika hesabu zake.

Kurudi ndani kwa kipangaji kwaonekana vizuri kuliko kote katika lugha ya Perl, na yafaa tukae hapo kidogo, kwa sababu mwenye lugha hiyo alikuwa mtu wa fani yetu. Larry Wall, aliyeitoa Perl mwaka 1987, alisomea isimu katika chuo cha Berkeley pamoja na mkewe, na nia yao ilikuwa kwenda kutafuta lugha isiyo na maandishi, pengine katika Afrika, na kuibunia hati. Maradhi yakawazuia. Badala ya kuibunia hati lugha ya watu, Wall akabuni lugha ya mashine, na akaijaza tabia za lugha za watu: jambo moja laweza kusemwa kwa njia nyingi, na alama moja huwa na maana mbalimbali kwa kufuata muktadha. Mkwaju mmoja waweza kuwa ishara ya kugawanya namba, au mwanzo wa ruwaza ya kutafutia maneno. Kuna mahali ambapo hata msomaji mjuzi hawezi kuamua ni upi, mpaka ajue jina lililotangulia lilielezwaje mahali pengine. Kwa hiyo wenyewe husema kwamba hakuna awezaye kuichambua Perl ila Perl yenyewe.

Kukiandika kipangaji cha lugha kama hiyo ni kazi ya ujasiri, nayo ilifanywa na Steve Hancock, aliyeitoa perltidy. Programu hii haiitekelezi Perl. Huisoma tu, na palipo na utata hukisia kwa kanuni alizozipima mwandishi wake. Yapasa itambue pia sehemu ambazo haina ruhusa ya kuzigusa: maneno yaliyo ndani ya alama za kunukuu, vifungu vya maandishi ya kawaida vilivyopachikwa katikati ya programu, na maelezo ya matumizi. Mwenye skripti iliyobeba ndani yake beti za shairi ataelewa kwa nini. Kipangaji kikidhani kwamba ubeti ni amri za Perl na kuusogeza ndani kwa nafasi nne, shairi limeharibika ingawa programu ni nzima.

Perltidy yaweza kuitwa kwa mkono kama indent. Lakini Hancock aliiweka kazi yote katika moduli iitwayo Perl::Tidy, ambayo skripti ya Perl huweza kuikaribisha ndani yake na kuiita kama kazi yake mwenyewe. Mfano wake ni huu:

    use Perl::Tidy;
    my $hali = Perl::Tidy::perltidy(
        argv        => '-npro -se',
        source      => \$asili,
        destination => \$safi,
        stderr      => \$lawama,
    );

Hapana faili lililotajwa hapa. Maandishi ya asili yamo katika kumbukumbu ya skripti kwa jina la $asili, na yaliyopangwa yatawekwa katika $safi, mahali pengine kabisa. Ya asili hayaguswi. Makosa yakitokea yataandikwa katika $lawama. Na jibu lenyewe, $hali, ni namba: 0 ikiwa kazi imekwisha salama, 1 ikiwa haikuweza kukamilika, 2 ikiwa imekamilika lakini yako ya kulalamikia. Skripti yenye adabu huitazama namba hiyo kwanza, na ikiwa si 0 haithubutu kuandika chochote juu ya faili la asili. Kama ningaliijua njia hii siku zile za tasnifu, siku zangu nne zingalibaki.

Sasa turudi kwa yule mpangaji aliyekodi chumba. Msomaji ataona katika mfano wetu mstari wa argv, wenye maagizo mawili mafupi. Si pambo. Perltidy ikiitwa kwa mkono huyasoma maagizo yaliyoandikwa baada ya jina lake, na Perl huyaweka maagizo hayo katika orodha iitwayo @ARGV. Moduli ikiitwa kutoka ndani ya skripti bila kupewa maagizo yake maalumu, huitazama orodha ile ile; lakini orodha hiyo sasa ina maagizo aliyopewa mwenye nyumba, yaani skripti iliyoita. Ikiwa skripti yangu imeambiwa ishughulikie faili la herufi M na ikaiita Perl::Tidy pasipo kuangalia, mpangaji aliye chumbani atayasikia maneno yaliyosemwa sebuleni, adhani ameambiwa yeye. Vile vile, mtu aweza kuwa ameweka nyumbani kwake faili la .perltidyrc lenye matakwa yake ya mwandiko, na moduli italisoma bila skripti kujua. Agizo la -npro ndilo la kulikataza. Watengenezaji wa Perl::Critic, programu ya kukagua makosa ya mtindo ambayo huiita Perl::Tidy ili kujua kama maandishi yamepangwa, walikutana na mambo haya yote mawili. Katika maandishi ya programu yao wameacha maelezo yanayosema kwamba Perl::Tidy huchanganyikiwa ikikuta katika orodha ile maagizo ya programu nyingine, na kwamba imewabidi kuyapinga baadhi ya matakwa ambayo mtumiaji huenda ameyaweka. Mtu akitaka kuijua historia ya kweli ya kuitana kwa programu, asome maelezo ya namna hiyo kuliko vitabu vya mafunzo.

Lugha ya Go, iliyotangazwa na Google mwezi wa Novemba 2009, ilikata shauri kwa njia nyingine. Kipangaji chake, gofmt, kazi ya Robert Griesemer, kilikuwamo tangu mwanzo, na hakimpi mtumiaji nafasi ya kuchagua sura. Watu wengi hawakuipenda sura ile, lakini mabishano yaliisha kwa sababu hapakuwa na wa kubishana naye. Toleo la 1.1 la mwaka 2013 likaongeza moduli ya go/format, ambayo kazi yake yote ni kuziwezesha programu nyingine kukiita kipangaji kile kutoka ndani. Unaipa maandishi, inakurudishia maandishi, na ikiwa yana kosa la sarufi inakurudishia habari ya kosa. Haja yake ilitokana hasa na programu zinazoandika programu. Skripti inayosoma jedwali na kutoa maandishi ya Go kutokana nalo haina haja ya kuhesabu nafasi. Humimina amri kwa fujo, kisha mwishoni huita go/format mara moja. Hapa Go imerudi mahali alipokuwa Gosper: programu ni kitu cha kushikwa na programu, na sura ni jambo la mwisho.

Python haikufuata njia hiyo, na sababu zake ni za kuheshimiwa. Kipangaji cha Black, kilichoanzishwa na Łukasz Langa mwaka 2018, kimeandikwa kwa Python, na mtu angedhani kuwa skripti ya Python ingekaribishwa kukiita ndani kwa ndani. Lakini wenye Black wameeleza wazi kwamba chombo chao ni cha kuitwa kama amri, na kwamba kazi za ndani hazina ahadi ya kubaki kama zilivyo. Kwa hiyo skripti yenye busara hukianzisha pembeni, kwa mtindo wa Unix, na kusoma namba inayorudishwa. Kwa upande mwingine Black kina hadhari ambayo wengine hawana. Kikiisha kuyapanga maandishi, huyachambua ya asili na mapya, kila moja kwa kielelezo matawi kama tunachokichora darasani kwa ajili ya sentensi, kisha hulinganisha vielelezo hivyo viwili. Vikitofautiana, kinakataa kuandika, na kinakiri kwamba kosa ni lake. Sijui mhariri wa tenzi aliyewahi kujiwekea sharti kali kama hilo.

Mpaka hapa nimesema juu ya usalama wa maana. Liko jambo la pili linaloweza kupotea, na kwa maoni yangu ndilo linalostahili kushughulisha chuo kama chetu. Tangu Linus Torvalds alipoanzisha Git mwaka 2005, mafaili ya miradi mingi huwekwa pamoja na historia yake yote, na iko amri, git blame, inayoonyesha kwa kila mstari ni nani aliyeuandika mara ya mwisho, na lini. Kwa mhakiki wa nakala hiyo ni neema kubwa: ni kama hati ambayo kila kipande chake kimetiwa sahihi ya mnukuzi. Git pia huruhusu skripti iwekwe mlangoni, itekelezwe kila mara kabla ya mabadiliko kupokelewa, na siku hizi ni desturi skripti hiyo kukiita kipangaji. Msomaji atakumbuka kwamba Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa ikipitia miswada na kuvipa vitabu idhini yake kabla ya kuchapwa. Kazi ya bawabu huyu ni ya jamaa hiyo, ila hachoki na wala hasikilizi hoja.

Sasa tuseme mradi una miaka kumi, na siku moja mtu anakiita kipangaji juu ya mafaili yote. Hakuna maana iliyobadilika. Lakini karibu kila mstari umeguswa, na kuanzia siku hiyo git blame itamtaja mtu mmoja tu kuwa ndiye mwandishi wa mwisho wa mistari maelfu. Majina ya waliofanya kazi hayakufutwa kabisa, yamo katika tabaka za chini. Lakini anayetazama juu juu hayaoni. Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili tenzi nyingi kwa mkono mzuri, na kwa nyingine nakala yake ndiyo tuliyo nayo. Hakuna amtajaye kuwa mtunzi wa zote, kwa sababu twajua kutenga kazi ya mnukuzi na kazi ya mtunzi. Git haikujua kuzitenga mpaka toleo la 2.23 la mwezi wa Agosti 2019, lilipoongeza uwezo wa kutaja mabadiliko fulani yarukwe wakati wa kutafuta mwandishi. Siku ya kupanga huandikwa katika faili dogo, na amri hupita juu yake kana kwamba haikuwapo.

Katika kamusi ambayo mimi na wenzangu tunaishughulikia sasa, skripti zote huiita perltidy kwa njia niliyoionyesha hapo juu, huitazama namba, na huandika katika faili jipya ambalo hubadilishwa jina mwishoni tu, hali imekwisha kuwa 0. Faili letu la mabadiliko ya kurukwa lina mistari miwili. Mmoja ni wa siku nilipozipanga skripti zote kwa mara ya kwanza. Wa pili ni wa kijana wetu mmoja aliyebadilisha upana wa mstari kutoka herufi 78 mpaka 100 bila kutuuliza, na alipoulizwa akasema kwamba kioo chake ni kipana. Skripti ya kuchambua vitenzi vya mzizi mmoja, iliyoandikwa na mwenzetu ambaye amekwisha kustaafu, ingali ikionyesha jina lake katika kila mstari alioutunga.